Wajumbe Wasiokohoa

Ipo nchi inaitwa Shwari. Msiulize iko wapi. Wa mwisho kuuliza alichukuliwa akaonyeshwe, na mpaka leo hajamaliza kuonyeshwa.

Huko Shwari watu hawapigi kura kwa karatasi wala kwa kunyoosha mkono. Wanapiga kwa kimya. Vitabu vya shule vinasema desturi hii ilianza kwenye harusi ya Mwasisi wa Taifa. Bibi harusi aliulizwa kama ameridhia, akanyamaza, na wazee wakasema, kama wazee wasemavyo, mwali akinyamaza amekubali. Mwasisi alifurahi mno. Akasema kama kimya kimetosha kumpatia mke, kitatosha kumpatia nchi, na Katiba ikaandikwa kabla pilau haijapoa. Vitabu vya shule haviongezi kwamba kungwi alikuwa amemfinya mwali paja chini ya kanga, kwa kucha. Hilo wanalikumbuka wale tu ambao hawakusoma vitabu.

Basi mkutanoni hoja husomwa, kisha husemwa maneno ya Katiba: "Anayepinga asimame akohoe." Asipokohoa mtu, hoja imepita kwa kauli moja, ijapokuwa hakuna kauli iliyotoka. Ni utaratibu rahisi na umeiletea nchi sifa nyingi ng'ambo. Taabu yake ni moja: watu wa Shwari wana vifua kama watu wengine. Msimu wa vumbi ukifika, upinzani huongezeka. Kwa hiyo wenye pumu wanajiandikisha polisi, na mtoto akishikwa na kifaduro, baba yake huitwa kueleza.

Katika mji wa Kandoni, mkubwa alikuwa Bwana Faraji Kilindo, mwenye Duka Kuu la Kilindo na Mwenyekiti wa Baraza la Mji. Duka lilikuwa na ghorofa tatu. Chini vyombo na dawa, katikati nguo, na juu kabisa ukumbi wa baraza. Ukumbi wa zamani Bwana Kilindo alikuwa ameugeuza bohari yake, kisha akauhurumia mji kwa kukosa ukumbi, akaupangisha wake. Palikuwa na ngazi ya umeme, ya pekee nchi nzima, iliyotembea siku ya kuja waziri tu. Siku nyingine ilisimama kama ngazi yoyote, ila ukitaka kuikanyaga unaambiwa uvue viatu. Ukutani paliandikwa kwa rangi nyekundu: MTEJA NI MFALME. Chini yake, kwa herufi ndogo: Wafalme wote watakaguliwa mifuko wakitoka.

Magazeti yalimwita Mfadhili. Na kweli, hospitali aliipa shuka, kila shuka ikiwa na jina lake katikati, pale pale anapolala mgonjwa, ili anayekufa afie juu ya mfadhili wake.

Lile duka, kabla ya kuwa la Kilindo, lilikuwa la ushirika. Wapo wanaosema hayo yamepita. Yamepita wapi? Kuta ni zile zile. Wakulima wa ufuta walibeba mawe kichwani, wake zao wakabeba maji, wakalijenga. Faraji Kilindo, kijana mpole aliyejua kufunga magunia, wakamweka kuwa mtunza ghala. Ulipokuja ukame, mkutano ukaitishwa jua la utosini, watu wana njaa, hoja ikasomwa mbio mbio: ushirika umechoka, upumzike, na mtunza ghala awashikie duka. Anayepinga asimame akohoe. Akasimama mtu mmoja, Ngwali, fundi baiskeli, akakohoa mpaka kofia ikamdondoka. Mgambo wakamtoa nje. Kisha ikasomwa kanuni ambayo hakuna aliyepata kuisikia: kikohozi cha aliye nje si kikohozi cha mkutano. Na Ngwali kwa wakati ule si alikuwa nje? Hoja ikapita kwa kauli moja. Ngwali alikufa na kikohozi chake. Kanuni ipo.

Sasa mtu aliyepata mali kwa kimya, ipo siku ataanza kukisikiliza hicho kimya.

Bwana Kilindo alianza polepole. Mkutano ulikuwa ukiisha, hoja zake zote zimepita, watu wametawanyika, naye anabaki kwenye kiti akiwa amepinda kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni.

"Pazi," alimwambia katibu wake siku moja, "umewasikia leo?"

Katibu Pazi alikuwa mtu mwembamba aliyepata shingo ndefu kwa kuitikia. "Hawakusema kitu, Mheshimiwa."

"Ndiyo nakuuliza. Umewasikia?"

"Nimesikia utulivu."

"Ule si utulivu, bwana. Ule ni watu wanaongoja."

Pazi akanyamaza.

"Na wewe mbona umenyamaza?"

"Nimekubali, Mheshimiwa."

"Umekubali nini? Mimi sijasema kitu!"

"Nimetangulia."

Toka siku ile Kilindo hakupata raha. Akajifunza kuvitenga vimya kama alivyokuwa akitenga ufuta na mchanga. Kuna kimya cha mtu aliyeshiba. Hicho kizito, kina pumzi. Kuna kimya cha mtu anayetafuna ulimi. Kuna kimya cha mtu anayekutazama shingo. Na hiki cha mwisho ndicho alichokisikia kila siku, hasa kutoka mtaa wa Nyuma, kwenye lile soko lililoegemea ukuta wa duka lake. Huko wanawake walikaanga mihogo, walipanga dagaa mafungu mafungu, na walimwamkia vizuri mno. "Shikamoo, Mheshimiwa!" Hiyo "Mheshimiwa" waliivuta. Kwa nini waivute?

Akaanza kujificha nyuma ya mapazia ya vyumba vya kujaribia nguo, asikie wateja wanasema nini. Wateja walisema nguo zinabana. Hilo nalo akalitilia shaka. Mlangoni mwa ukumbi akaweka chupa ya dawa ya kikohozi na kijiko kimoja, kila mjumbe anayeingia alambe, na kwa muda fulani Kandoni ilikuwa na baraza lenye vifua laini kuliko yote duniani. Hakuridhika. Mtu asiyekohoa kwa sababu ya dawa, alisema, kifuani bado anacho.

Na haikuwa shaka ya bure, maana kulikuwa na jambo. Waziri wa Utulivu, Daktari Majamvi, alikuwa amekubali kuja Kandoni kumvika Kilindo nishani ya Baba wa Mji. Baba wa Mji, kwa sheria za Shwari, hupewa kiwanja chochote atakachokielekezea kidole. Kidole cha Kilindo kilikuwa kimeshaelekea mtaa wa Nyuma. Alitaka soko livunjwe, pajengwe maegesho ya magari. Kandoni ilikuwa na magari mawili, lake na la wagonjwa, na la wagonjwa halikuwa na matairi. Lakini aliyepanga mipango ya mji hawezi kupangiwa na magari. Sharti lilikuwa moja. Hoja ipite mbele ya waziri, na pasisikike kikohozi hata kimoja. Kikisikika, nishani inarudi mji mkuu na aliyeiomba anaundiwa tume.

Asubuhi moja Kilindo alipita ghorofa ya nguo, akasimama. Mbele yake walipangwa midoli wa kuvalisha nguo, wake kwa waume, mabega juu, macho mbele. Akawatazama. Wakamtazama. Akasikiliza kimya chao, akapinda kichwa upande huu, akapinda upande ule. Hakikuwa na kitu ndani. Kilikuwa kimya kitupu, safi kama sufuria mpya.

"Pazi!" akaita, na machozi yalimlenga. "Hawa ndio wananchi."

Tangazo likatoka kabla ya adhuhuri. Kwa kuwa wananchi wamechoka kwa mikutano, na kwa kuwa serikali inawapenda, kila mtaa utawakilishwa na mdoli mmoja, na wajumbe wa zamani wamepumzishwa. Wanaume wengi walishukuru. Hotuba za Kilindo zilikuwa ndefu na viti vya ukumbi vilikuwa vya mbao. Midoli wakabebwa juu, wakakalishwa, wasiokalika wakasimamishwa ukutani, kila mmoja na kibao cha mtaa wake shingoni.

Aliyekuja kulalamika alikuwa mmoja, Bi Siwema, mkaanga mihogo wa mtaa wa Nyuma, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Alipanda ngazi viatu mkononi, akamtazama mwakilishi wake. Alikuwa mdoli wa gauni la harusi, gauni ambalo halikupata mnunuzi tangu duka lipate jina la Kilindo.

"Katibu, mwanangu," akasema, "huyu wangu hana kichwa."

Pazi akafungua Katiba, akafunga. "Kichwa si sharti la kikatiba, mama."

"Hilo naona. Na je, akikata roho, nani atanipa taarifa?"

"Mdoli hafi, Bi Siwema," alisema Kilindo kutoka kwenye kiti chake.

"Ahaa. Basi tumepata mjumbe wa kudumu kama wewe, Mheshimiwa." Akashuka, akavaa viatu vyake chini, akasema kwa sauti ya kusikika ghorofa zote: "Ngwali alitolewa nje akikohoa. Sisi tumetolewa nje bila hata kukohoa. Maendeleo haya jamani!"

Kilindo akasikia jina la Ngwali, na mkono wake ukaenda wenyewe shingoni.

Ila maneno ya kichwa yalimsumbua. Waziri ataonaje? Akaamuru mdoli wa mtaa wa Nyuma avalishwe ndoo mahali pa kichwa, na juu ya ndoo itandwe shela ndefu ya harusi. Ukimtazama kwa mbali ungesema mwali anangoja kuulizwa.

Siku ya waziri ilifika. Ngazi ya umeme ikatiwa mafuta. Kilindo akawa na mgambo wake tangu alfajiri, hasa Chande, mtu mwenye mikono kama makafi na akili ya kutii.

"Chande, nisikilize. Leo akikohoa mtu, hungoji. Unamtoa."

"Sawa, mzee. Lakini wajumbe si midoli?"

"Hiyo ndiyo akili ya kuibiwa. Adui hujificha mahali usipomtia shaka. Akikohoa yeyote, mtoe."

"Akiwa mkubwa?"

"Hata awe nani! Ukisita, utatoka wewe."

"Hata awe nani," Chande akarudia taratibu, ili aishike.

Kabla ya waziri kupanda, Kilindo alikagua wajumbe mwenyewe. Alipita safu kwa safu akiwagonga vichwa kwa kifundo cha kidole, na kila kichwa kilimjibu ko, kitupu, akaridhika, akaenda kwa kinachofuata. Alipofika kwa mwali wa mtaa wa Nyuma akagonga juu ya shela. Ngwa! Bati. Vizuri, ndoo ipo. Akageuka aende, kisha pua ikamrudisha. Harufu ya mafuta ya mihogo. Akainama akanusa shela. Akanusa hewa. Akaenda dirishani, akaliona soko la Nyuma pale chini likifuka moshi, akakunja uso.

"Unaona, Pazi? Wanatuingilia mpaka puani. Ndiyo maana lazima livunjwe."

Akafunga dirisha. Akalamba kijiko kizima cha dawa ya kikohozi, kwa tahadhari, akaongeza cha pili. Ngazi ya umeme ikaguna, ikamleta waziri.

Daktari Majamvi alikuwa mtu mnene wa kauli na mwembamba wa muda. Aliwatazama wajumbe kwa jicho la mzoefu.

"Hawa ni midoli," akasema.

Kilindo akakauka. "Mheshimiwa, ni..."

"Usihangaike, tunao pia mji mkuu. Ila wenu wamevaa vizuri zaidi." Akakaa, akawaza jambo, na uso wake ukaingiwa na kivuli. Mji wenye utulivu kupita wizara ya utulivu. Huyu muuza duka anataka nini? Kiti cha nani? Lakini hotuba ilikuwa imeshaandikwa, akaisoma. "Utulivu ni tunu, tunu ni utulivu, na katikati ya hayo mawili ipo wizara yangu! Nchi jirani wana dhahabu, wana mafuta. Sisi tunacho kitu kisichochimbwa. Tunao watu walionyamaza!"

Mgambo wakapiga makofi. Wajumbe hawakupiga, na waziri akawasifu kwa nidhamu.

"Sasa, kabla ya hoja ya mwenyekiti," akaendelea kwa haraka, maana haya maneno husemwa kama mtu anavyopangusa viatu mlangoni, "yupo mjumbe mwenye hoja hayupo tuendelee."

"Yupo."

Sauti ilitoka kwenye safu ya tatu. Kilindo aliifahamu kabla hajaiona. Mwali wa mtaa wa Nyuma alisimama, akafunua shela, akavua sufuria kichwani, akaiweka kitini pake kwa heshima. Bi Siwema alikuwa amelowa jasho na uso unang'aa.

"Huyo si mjumbe!" Kilindo alipiga kelele. "Huyo ni mkaanga mihogo! Ameingiaje?"

"Kwa mlango wa mbele, Mheshimiwa. Nikaomba kujaribu gauni la mjumbe wangu. Si mmeandika mteja ni mfalme? Yule mwenzangu wa ndoo nimemwacha kule kwenye chumba cha kujaribia. Hakupinga."

Waziri alijiinua kwenye kiti. Tangu ateuliwe hakuwahi kuona mjumbe akisema. "Anawakilisha mtaa gani?"

"Wa Nyuma," alisema Pazi.

"Na yeye mwenyewe anaishi mtaa gani?"

Pazi akatazama Katiba, akatazama dari. "Wa Nyuma."

"Basi kasoro yake nini? Naona ana kichwa. Katibu, kichwa kimekatazwa?"

"Kichwa si sharti, Mheshimiwa Waziri," alisema Pazi, na shingo ilizidi kurefuka. "Lakini hakikukatazwa."

"Sema hoja, mama."

"Hoja yangu fupi, mafuta yangu yako motoni," alisema Bi Siwema. "Soko la Nyuma libaki. Duka lirudi kwa ushirika uliolijenga. Na Mwenyekiti, amefanya kazi sana, apumzishwe kama alivyotupumzisha sisi. Basi."

Waziri akaitazama saa. Kisha akamtazama Kilindo kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, na Kilindo, bingwa wa vimya, akakielewa kimya kile chote.

"Anayepinga," alisema waziri, "asimame akohoe."

Kilindo akageukia wajumbe wake. Wale aliowachagua yeye, akawavalisha yeye, akawagonga kichwa mmoja mmoja. Mabega juu, macho mbele. "Kohoeni!" akawaambia. Wakatulia kwa nidhamu ile ile. Akamgeukia Pazi. Pazi alikuwa ametangulia kukubali.

Basi akasimama mwenyewe. Akavuta pumzi, akakaza kifua, akatoa... hewa laini tu, yenye harufu ya mnanaa. Vijiko viwili! Akajipiga kifua kwa ngumi. Akaingiza kidole kooni. Uso ukawa wa zambarau, mishipa ikasimama, na mwisho kabisa, kutoka chini ya miaka yote ile, kikatoka kikohozi kimoja kikavu kama mlango wa ghala.

Chande hakungoja.

"Niache, mpumbavu! Ni mimi!"

"Hata awe nani, mzee," alisema Chande, naye akambeba kwa upole. Waliposhuka, ngazi ya umeme ilikuwa ikipanda. Chande akashuka nayo kwa nguvu, hatua mbili wao, moja ngazi, na Kilindo akapita mbele ya vyombo, mbele ya dawa, mbele ya maandishi mekundu, mpaka mlango wa nyuma. Kutoka juu alimsikia Pazi akisoma, kwa sauti nzuri aliyomfundisha yeye:

"Kikohozi cha aliye nje si kikohozi cha mkutano. Hoja imepita kwa kauli moja."

Mnaodhani haki imetendeka, ngojeni kidogo. Jioni ile lori la serikali liliegeshwa mbele ya duka, wakapakiwa midoli wote, pamoja na yule asiye na kichwa. Waziri aliwapenda. Amewachukua mji mkuu, kuna ukumbi mkubwa huko una viti vingi, na wenye kukaa humo siku hizi wameanza kusafisha koo.

Kilindo alikuwa amekaa juu ya gunia la mihogo katikati ya soko la Nyuma, pale Chande alipomtua. Moshi wa karai ulimwingia. Wanawake walikuwa wakimtazama, mikono viunoni, kimya. Akapinda kichwa akasikiliza. Kile cha kutazama shingo? Hapana. Cha kutafuna ulimi? Hapana. Hakukijua kimya hiki, na hofu yake yote aliyowahi kuwa nayo haikuwa kitu mbele ya hii.

Moshi ukamzidi. Akakohoa. Akajishika mdomo haraka, akatazama kushoto na kulia. Hakuna aliyemkamata.

"Pole, baba," alisema Bi Siwema, akigeuza mihogo, bado amevaa gauni la harusi. Kisha akasafisha koo. Muuza dagaa akakohoa. Mwenye nyanya akakohoa. Fundi cherehani, mchoma mkaa, bibi wa ubuyu, mmoja akampokea mwenzake, mpaka soko zima likawa linakohoa, kikohozi cha kutoka tumboni, na kiliendelea muda mrefu, maana kilikuwa kimewekwa tangu siku ya Ngwali. Kilindo aliwatazama nyuso moja moja, na ndipo alipoona kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mgonjwa.

Hadithi ndiyo hiyo. Wewe uliyeisoma, ukinyamaza, huko Shwari watasema umekubali.